Kiraka cha Ukurasa wa Mwisho

Asma na Haitham, mliniomba kabla sijaondoka niwaachie maelezo ya gundi: unga kiasi gani, maji kiasi gani, moto wa namna gani. Nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati la pili, chini ya kalenda. Haya ninayoandika hapa hayaenei kwenye mlango wa kabati. Sasa nimestaafu, muda ninao, na mjukuu wangu amechoka kunifundisha kompyuta kwa hiyo ananiacha niandike ninavyojua.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo muulizeni mtu wa utumishi, yeye ndiye huyapenda. Mimi nataka kuandika juu ya kazi, juu ya mwalimu wangu, na juu ya daftari moja dogo lililonifanya niwajue wafalme wa dunia nzima wa miaka kumi ya zamani, mimi ambaye shuleni historia ilinishinda.

Kwa mtakaokuja baadaye na hamnijui: nilikuwa mtengenezaji wa miswada ya kale katika ofisi yetu ya Al Khuwair, hapa Muskat, ghorofa ya chini, chumba ambacho kiyoyozi chake kinajua hali mbili tu, baridi na baridi kali. Siku ya kwanza niliingia na viatu vipya na hina mikononi, kwa kuwa harusi ya dada yangu ilikuwa imepita juzi yake. Aliyenipokea ni Maalim Khalfan, Mwomani mzaliwa wa Unguja kama mama yangu, mzee mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye kipaji cha uso. Hakuniuliza shahada. Alinitazama mikono.

"Hina ya lini hiyo, mwanangu?"

"Ya juzi, Maalim. Imeshakauka."

"Imekauka kwako. Karatasi haijui. Wiki hii usiguse kitu, nenda kakoroge gundi."

Nikakoroga gundi wiki nzima, na wiki ya pili akasema mkono umeanza kuzoea, basi niendelee. Mwezi ulipita kabla sijagusa karatasi ya mtu. Wakati ule nililia chooni. Leo namshukuru, kwa sababu gundi ya ngano ikiwa na kidonge kimoja tu ndani yake, kidonge hicho kitakaa chini ya ukurasa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, miaka na miaka.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Kisu butu, brashi mbili laini, karatasi nyembamba ya Kijapani, na mfupa wa kukunjia karatasi alioutengeneza mwenyewe kwa mfupa wa ngamia, uliosuguliwa mpaka ukang'aa. Meza ya mwanga, ya kioo chenye taa chini yake, hatukuwa nayo. Tulikuwa na dirisha. Na alikuwa na kanuni moja, aliyoisema kila asubuhi kama anayesoma uradi: soma karatasi kwanza, wino baadaye. Maana yake, kabla hujavutwa na maneno, inua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, utazame umetengenezwa vipi na una alama gani ndani yake. Wino unaweza kusema lolote, alisema, lakini karatasi haina sababu ya kusema uongo.

Miswada ilikuja ndani ya kila chombo. Mmoja ulikuja ndani ya foronya, mwingine ndani ya kopo la maziwa ya unga, na mwingine ndani ya jokofu la pikiniki lenye barafu, kwa kuwa mwenyewe alisikia vitabu vya kale hupenda ubaridi. Huyo Maalim Khalfan alimrudishia barafu yake, akabaki na kitabu.

Mwaka wangu wa nne akaja Bi Raya.

Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tabora, aliyerudi Oman na wazee wake. Hapa lazima niseme jambo la aibu. Sisi tuliotoka Unguja tulijiona ndio wenyewe, na ndugu zetu waliotoka bara, Tabora na Ujiji na Bujumbura, tuliwatania kwa utani usiochekesha. Tulipenda kuwauliza bibi zao walikuwa watu wa wapi, na hatukuuliza kwa kutaka kujua, bali kuwakumbusha kuwa si Waarabu kamili. Bi Raya alikuwa ameulizwa swali hilo maisha yake yote. Wakati ule ukoo wao ulikuwa ukiandaa mti wa nasaba, na mkuu wa ukoo, Sheikh Humud, mzaliwa wa Unguja naye, alikataa kumwingiza babu yake Bi Raya, aliyeitwa Seif. Alisema hakuna ushahidi kuwa Seif wa Tabora ni wao.

Bi Raya akafungua bati la biskuti juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na daftari la ukubwa wa kiganja, limeliwa pembeni.

"Mchwa wameanza, binti yangu," akasema. "Wazuie wasifike kwenye maneno. Hiki ndicho kitu pekee tulichotoka nacho Tabora. Kaandika babu yetu wa Matrah, yule ambaye Humud na wenzake wanajivunia. Nataka mtu anayejua aniambie ni kweli, ili na yeye aambiwe."

Lilikuwa daftari la habari. Babu huyo mkubwa wa Matrah, bandari iliyo jirani na Muskat, alikuwa mfanyabiashara, na kila chombo kilipotia nanga alishuka bandarini kuuliza dunia ikoje, kisha akaandika mistari miwili mitatu kwa Kiarabu. Lilianza mwaka wa elfu na hamsini wa Hijra na kwisha elfu na sitini. Miaka kumi ile, kuwa mfalme ilikuwa kazi ya hatari kuliko kupanda nguzo za umeme. Wareno, waliokuwa bado wamekalia ngome za Muskat, walijitoa chini ya mfalme wa Hispania wakajitawazia wa kwao. Shah wa Uajemi alikalia kiti akiwa mtoto. Mfalme wa China alijinyonga adui akiwa ameshaingia mjini. Sultani wa Istanbul aliondolewa na watu wake, akanyongwa, akawekwa mwanawe mdogo. Waingereza walimkata mfalme wao kichwa mbele ya watu, na hapo mwandishi aliongeza kuwa aliyemletea habari hiyo alimwapisha mara tatu kabla ya kuiandika. Habari ya mwisho ilikuwa ya nyumbani: Imamu amewatoa Wareno Muskat.

Nilisoma nikisahau chai yangu. Chini ya habari hiyo ya mwisho paliandikwa jina la babu, kuwa ameandika kwa mkono wake, na mwaka, elfu na sitini. Chini yake tena palikuwa na kiraka cha karatasi, upana wa vidole vitatu, ambacho nilikichukulia kuwa ni matengenezo ya zamani ya mtu asiyejua kazi.

Maalim Khalfan siku hiyo alikuwa Nizwa kwenye maziko. Ningeweza kumwambia Bi Raya arudi wiki ijayo. Sikumwambia.

"Bi Raya, huu ni mkono wa babu yenu hasa. Daftari hili limeandikwa mwaka ule ule walipotolewa Wareno."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akalia, akanishika mikono yote miwili. Nikamwandikia maneno hayo kwenye karatasi ya ofisi. Kisha nikatengeneza daftari, na kwa kuwa kona moja ya kile kiraka ilikuwa imeachia, nikaipaka gundi na kuibandika vizuri kuliko ilivyokuwa. Niliifurahia kazi yangu.

Maalim Khalfan aliporudi aliligeuzageuza daftari mkononi. "Karatasi umeitazama kwenye mwanga?"

"Nimeitazama, Maalim."

Sikuwa nimeitazama. Alinitazama mikono, kisha akaniuliza kama gundi ya kesho ipo.

Kwa karatasi yangu ile, Sheikh Humud akakubali kuwa daftari la babu halikai ila kwa wanawe. Seif wa Tabora akaandikwa kwenye mti, na Bi Raya na wanawe wakaanza kualikwa kwenye harusi za ukoo na kukaa mbele. Kila Idi alinipelekea halwa nyumbani Mabela, halwa ya zafarani, sufuria zima. Wanangu waliingojea kuliko nguo mpya. Mimi kila ilipofika nilikumbuka swali la Maalim na jibu langu, nikaomba radhi moyoni, nikala. Maalim Khalfan alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, na sikupata kumwambia.

Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Nyinyi wawili mkaja kazini, dirisha likaondoka na meza ya mwanga ikaja. Kisha wakubwa wakaamua kufanya maonyesho juu ya miaka kumi ile ile, Muskat na dunia wakati Wareno wanatolewa, na daftari la Bi Raya likachaguliwa kuwekwa katikati ya ukumbi. Nilipewa kuandika maelezo ya ukutani. Niliyasoma mambo ya wafalme wale mpaka nikawa nawataja kwenye chakula, na mume wangu akaniambia ikiwa nitamkata tena kichwa yule Mwingereza mbele ya wali wake, atahamia Rusayl, mtaa wa viwanda, akaishi huko.

Asma, wewe ndiye uliyeweka daftari juu ya meza ya mwanga ili tulipige picha. Uliiweka kamera chini, kisha ukaniita. Ndani ya karatasi, wazi kabisa, palikuwa na alama ya kiwanda: mwezi mchanga wenye uso wa mtu, ndani ya ngao. Karatasi ya namna hiyo ilitengenezwa Ulaya karibu miaka mia mbili baada ya yule babu wa Matrah kuzikwa. Aliyeandika daftari lile hakuwa yeye. Mtu mwingine alilinakili neno kwa neno, hata jina la babu na mwaka wake, kama wanakili wengi wa kwetu walivyofanya, na kila mwanafunzi wa kazi hii anaonywa hilo mwezi wa kwanza. Na chini ya kiraka, mwanga ulipopita, palionekana kivuli cha mistari mitatu.

Nilikaa kitini. Ningeweza kunyamaza, na najua na wewe, Asma, ungeninyamazia, maana ulikuwa umeanza kuzima taa ya meza bila ya kuambiwa. Nakushukuru kwa huruma ile, lakini nakuomba usiirithi. Daftari lilikuwa la Bi Raya, na mwenye kuapa nilikuwa mimi.

Nikaenda kwake siku ya pili, Mabela hiyo hiyo, mitaa mitatu kutoka kwangu. Alikuwa sasa mzee wa mkongojo, lakini kahawa aliimimina mwenyewe. Nikamweleza yote, hata uongo niliomwambia Maalim.

"Kwa hiyo si mkono wa babu," akasema.

"Maneno ni yake, Bi Raya. Mkono ni wa mtu mwingine, wa baadaye sana. Nadhani jina lake liko chini ya kiraka. Bila ya ruhusa yako hatukigusi."

"Na Humud ameshajua?"

"Hajui mtu ila mimi na wewe na msichana wangu wa kazini."

Aliweka kikombe chini polepole. "Basi maliza kahawa yako, binti yangu, kisha uende."

Wiki tatu hakupokea simu yangu. Nilijua anachokihofia, hakuwa na haja ya kukisema: mti wa ukoo ulisimama juu ya kiapo changu, na mimi nimekiondoa. Kwa umri wake ule angerudi kuwa mtu wa bara anayeulizwa bibi yake ni nani. Nilikonda. Wakubwa waliuliza maelezo ya daftari yako wapi, nikasema yanakuja.

Akaja mwenyewe, asubuhi, bila kutangaza. Haitham alimpa kiti, akakikataa.

"Kiraka kile alibandika baba yangu," akasema. "Nilikuwa mtoto, miaka kumi hivi. Uji wa kubandikia nilikoroga mimi. Nikamuuliza, baba, hapo pana nini? Akasema ukurasa umechanika. Nami nilikuwa nimeuona, haukuchanika. Nimekaa na jambo hilo umri wote huu. Wewe ulipoapa nikashukuru, nikajiambia basi hakuna kitu chini. Sasa kibandue."

"Bi Raya, tukishakibandua hatuwezi kujifanya hatukuona."

"Nina miaka mingapi mimi ya kujifanya? Kibandue, nikiwa hapa."

Kazi hiyo huwa ya nusu saa. Siku hiyo ilichukua saa mbili, kwa sababu kona moja ilikuwa na gundi nzuri kuliko nyingine zote, nayo ilikuwa yangu. Kitambaa chenye unyevu, kungoja, kisu butu, unywele mmoja mbele, kungoja tena. Bi Raya alisimama nyuma ya bega langu na mkongojo wake, nami nasikia pumzi zake. Mwishowe kiraka kikatoka kizima.

Haitham aliinama kusoma, akakunja uso. Herufi zilikuwa za Kiarabu lakini maneno hayakumwingia. Hayakuwa Kiarabu. Yalikuwa Kiswahili, kama walivyokuwa wakiandika wazee wetu wa pwani, na mkono ulikuwa ule ule wa daftari zima. Nikasoma kwa sauti. Mstari wa kwanza ulisema aliyenakili ni Zafarani, aliyetolewa Manyema akaletwa Tabora, hana ukoo wa kutaja, maana yake mtumwa. Wa pili ulisema daftari la zamani linaliwa na mchwa, naye amelinakili lote kabla halijakwisha. Wa tatu ulikuwa mfupi: mwaka huu nimemzaa Seif.

Nikamwona baba yake Bi Raya kama yupo pale chumbani. Mtu wa Tabora anayetaka kukubaliwa na ndugu zake wa Oman, ana daftari la babu mkubwa mkononi, na chini yake limewekwa jina la mwanamke aliyenunuliwa, ambaye ndiye aliyemzaa baba yake. Kwa zama zile alifanya alichokiona kitamwokoa. Sikuweza kumkasirikia, maana na mimi nilikuwa nimebandika.

Bi Raya alitaka asomewe tena. Nikamsomea. Akauliza neno lipi ndilo Seif. Nikamwonyesha, akaweka kidole hewani juu ya neno bila ya kuligusa. Nilimtazama, nikijua ataniambia nirudishe kiraka, na moyoni nilikuwa tayari kumkubalia.

"Wafalme wote hao," akasema, "na mtoto wake kamweka hapo hapo. Yaani kamwona sawa nao." Akacheka huku analia. "Muandike ukutani. Jina lake mwanzo."

Nikaandika hivyo. Nikaandika pia barua kwa Sheikh Humud kuwa karatasi yangu ya zamani ilikosea, na kosa ni langu. Hakujibu.

Siku ya kufungua maonyesho alikuja. Alikuwa mzee sana, kanzu imenyooka, khanjari kiunoni, wajukuu pande zote mbili. Alipita mbele ya ramani na mbele ya picha za ngome, kisha akasimama mbele ya sanduku la kioo la daftari. Bi Raya alikuwa ameshasimama pale tangu milango ifunguliwe. Sheikh Humud akasoma maelezo, akasoma ile mistari mitatu yenyewe, Kiswahili cha herufi za Kiarabu anakijua vizuri.

"Raya," akasema, "huyu ndo nani?"

Maisha yake yote alikuwa akiulizwa hilo.

"Mama yake babu yangu. Zafarani. Mtumwa wa nyumba yetu ya Tabora."

"Na umekubali aandikwe hapa, mbele ya watu?"

"Nimewaambia wamuandike. Usingekuwa mkono wa huyu, Humud, babu yako wa Matrah angeliwa na mchwa Tabora, na leo usingejua kama aliwahi kushika kalamu. Wewe unajivunia maneno. Haya, mwenye kuyaokoa huyo."

Sheikh Humud alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba, akaivaa tena. Nilisimama karibu nao, nikingoja amtoe Seif kwenye mti mbele yetu sote.

"Daftari la babu lilikuwa kwenu, Seif anabaki alipo," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejadiliana na nafsi yake: "Lakini nnakwambia, kwenye mti wetu hatujapata kuandika mwanamke hata mmoja."

"Basi anza na huyu," akasema Bi Raya.

Sheikh Humud akanigeukia mimi, akaniuliza kama nna kalamu. Wino hatuuruhusu karibu na miswada, kwa hiyo nilikuwa na penseli tu. Akaichukua. Akageuza kadi yake ya mwaliko, akaandika jina moja la kike, akamwonyesha Bi Raya, akamuuliza kama amepatia.